Mbuzi Kabla ya Maswali

Kitale, 14 Januari 2025

Mpwa wangu Dinah,

Pokea salamu kutoka Kitale, mahali ambapo mahindi yanapewa heshima kuliko watu. Sisi tu wazima. Anti yako Joan anakusalimu, goti lake limepona tangu aache kumsikiliza daktari. Ng'ombe mweupe amezaa ndama mweusi na hatujui baba ni nani. Kipketer, mpimaji wangu wa mizani, ameoa tena bila kuniarifu, lakini nimemsamehe kwa sababu mimi nina moyo. Mama yako alinipigia kutoka Sirisia, ati hujamtembelea tangu Krismasi.

Tuache mambo ya ng'ombe. Jumamosi ulinipigia simu. Nilikuwa na wageni, na mimi kwa kuwa sina siri niliiweka simu kwa spika wasikie jinsi mpwa wangu mwalimu wa chuo kikuu anavyozungumza. Wakasikia. Uliniita mwongo, mbele ya wazee na pasta. Kisha ukakata, na tangu hapo namba yangu haiingii kwako. Basi nakuandikia kwa karatasi kama watu wa zamani. Barua anaibeba Kimaiyo wa vifurushi pale stendi. Karatasi haina kitufe cha kunifungia nje.

Nikukumbushe. Ni wewe uliyeleta wanafunzi wako hapa Novemba, wale watoto wa sosholojia wa mwaka wa kwanza, ati wajifunze takwimu kwa vitendo. Nani aliwapokea? Nilichinja mbuzi. Kuna mmoja alikula mpaka nikaogopa nitawarudishia wazazi wake maiti. Wakawauliza wakulima arobaini swali lao: unamwamini mtu anayenunua mahindi yako? Mnunuzi ni mimi. Thelathini na wanane wakasema ndiyo. Sikusema mimi, walisema wakulima, na wasomi wakaandika. Nikapiga hesabu kwa simu, ikaniambia asilimia tisini na tano.

Dinah, mimi nimelala Juba. Nimeendesha lori mpaka Lubumbashi. Nimeona wakubwa wakishinda kwa asilimia hiyo, lakini wao walitumia bunduki. Mimi nimetumia mbuzi mmoja.

Ndiyo nikachapisha bango. Liko pale kwa mzunguko wa barabara, na picha yangu ya suti ya kijivu: CHUO KIKUU KIMEPIMA, ASILIMIA 95 WANAMWAMINI SIFUNA. Uchaguzi wa mwenyekiti wa ushirika wetu wa ghala ni tarehe 22 Machi. Chepngeno anayeshindana nami hana hata asilimia moja, maana hakuna aliyempima.

Bango halishuki. Na radhi uniombe kwa njia ile ile uliyonitukana, kwa spika.

Mjomba wako,
Sifuna


Kanduyi, 23 Januari 2025

Kwa Mjomba Sifuna,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Anti Joan. Huku tuko salama, ila maji ya mfereji yamekatika wiki ya pili sasa. Mama nilikuwa naye Jumapili. Anajua vizuri nilimtembelea mwaka mpya; alikwambia vile ili umpelekee mtu wa kumlimia.

Naandika kwa kuwa mkuu wa idara amenitaka kila kitu kiwe kwa maandishi. Mtu alipiga picha bango lako, na picha ikafika mezani kwake.

Mjomba, chuo hakijawahi kukupima. Lile lilikuwa darasa la watoto wanaojifunza kuuliza. Mtu anayejifunza kupika ugali, ule wa kwanza hupewa mbwa. Wewe umeubeba ukaupeleka harusini.

Wiki tatu kabla ya safari niliwafundisha jambo moja: usimchague mtu. Andika majina ya wote waliofika getini na mahindi siku hiyo, yakate vipande, yachanganye, fumba macho, chukua. Atakayetoka ndiye unayemuuliza, awe mlevi, awe adui wa mwenye nyumba. Hiyo ndiyo sampuli. Walipofika kwako wakakuta watu wameshachaguliwa, wamenyolewa ndevu, wameketishwa kwa viti vya kanisa. Cheptoo, aliyekuwa kiongozi wao, alikuuliza orodha ya walioko getini iko wapi. Ukamwambia, "Msichana, kula kwanza."

Na hata swali halikuwa la uchaguzi wako. Waliulizwa juu ya mnunuzi wa mahindi. Hakuna aliyewauliza juu ya mwenyekiti wa ghala.

Sasa sikia hali yangu. Mkataba wangu unaisha Aprili. Kamati ya idara inakaa tarehe 28 Machi kuamua kama mimi ni mwalimu anayekodisha jina la chuo kwa siasa za jamaa zake. Bango likiwa bado juu siku hiyo, sina kazi. Nakuomba mambo mawili. Lishushe. Na siku ya mkutano uwaambie wanachama kwamba ile namba haina maana.

Radhi sitaomba. Neno mwongo nililitumia nikijua maana yake.

Mpwa wako,
Dinah Nabwile


Kitale, 2 Februari 2025

Mpwa wangu msomi,

Salamu. Tumevuna viazi. Ndama amekufa, Mungu alimtoa na Mungu amemtwaa, na baba yake bado hajajitokeza. Joan anauliza kama ulipokea zile ndizi. Mimi nilikataa zisitumwe, lakini nyumba hii sina usemi, sauti yangu inaishia kwa mlango.

Nimesoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Umeandika vizuri kama mtu anayemshtaki jirani. Ati sikuwaachia watoto wachague. Na wewe, mwalimu wao, ulikuwa wapi wakati huo? Nikusaidie: ulikuwa jikoni. Joan alipotoka kuja kuziba kiti kilichobaki wazi, kwa sababu mtu wangu wa arobaini alipata homa, wewe ulibaki na sufuria ya matumbo. Ulitoka mambo yameisha, ukipangusa mdomo. Hiyo umeiandikia kamati?

Mimi niliacha shule kidato cha pili, sikatai. Wewe una digrii mbili ukutani na bado wanakuajiri kama kibarua wa kupalilia, msimu kwa msimu. Ukitaka tupimane, tupimane.

Halafu unanifundisha adabu. Mgeni akija kwako Kanduyi utamtilia chai kwa kikombe kilichovunjika mkono? Siku ile getini kulikuwa na walevi wawili, na Kiptanui mwenye mkokoteni, mtu ambaye hajawahi kumsifu kiumbe isipokuwa punda wake. Niwakalishe hao mbele ya wageni kutoka Bungoma? Heshima ya nyumba ni kuonyesha sebule. Huko nje duniani, nilikopita mimi na wewe hujapita, mtu asiyejua hivyo anaitwa mshamba.

Ila kuna jambo moja linanikereketa kama mfupa wa samaki. Thelathini na wanane walisema ndiyo. Wale wawili ni akina nani? Wote arobaini niliwachagua mimi mwenyewe. Wote wamekula kwangu. Tangu Novemba kila Jumapili nakaa nyuma kanisani nawaangalia visogo, mmoja mmoja, na kila kisogo sasa kinafanana na cha mtu mnafiki.

Kwa hivyo tufanye biashara. Wewe niandikie majina mawili. Siku nitakayoyapata, nashusha bango kwa mikono yangu, na kazi yako inapona. Majina mawili tu. Kwa mjomba wako.

Mimi,
Sifuna, mwenyekiti mtarajiwa


Kanduyi, 6 Machi 2025

Kwa Mjomba,

Salamu kwako na kwa Anti Joan. Ndizi zilifika na zilikuwa tamu. Pole kwa ndama. Mama amepata mtu wa kulima, hakuna haja ya kumtafuta mwingine.

Nimekaa na barua yako mwezi mzima. Mara mbili nilianza kujibu nikachana, kwa sababu kila nilipoanza nilikuwa naandika matusi, na wewe ni ndugu ya mama.

Ni kweli nilikuwa jikoni. Kamati itanisikia nikisema hivyo.

Majina sikupi. Karatasi hazikuwa na majina, kwa hiyo siwajui. Na hata ningewajua nisingekwambia, maana kila aliyeketi pale alisomewa kwanza ahadi kwamba jibu lake halitamfuata nyumbani. Ahadi hiyo niliiandika mimi.

Nililipeleka ombi lako darasani. Sikutaja jina, nilisema kuna mkubwa fulani anataka kujua nani alimkataa, na kazi ya mtafiti iko mikononi mwake. Kijana mmoja wa nyuma akasema, "Madam, si umtajie wawili wowote, bango lishuke, bana." Darasa likacheka. Cheptoo hakucheka. Akamgeukia, "Na hao wawili wakichomewa ghala, utawapelekea digrii yako wajifunike?" Kisha akaniuliza mbele ya wote kama yeye ndiye aliyeharibu, kwa kuwa alikubali kula kwanza. Mtoto wa mwaka wa kwanza, Mjomba. Anabeba kosa lako na langu, na wewe unahesabu visogo kanisani.

Sasa nikuulize kitu unachokijua. Mkulima akikuletea gunia, unafanya nini? Nimekuona tangu nikiwa mdogo. Unachukua bambo, ule mrija wa chuma wenye ncha, unadunga juu, unadunga katikati, unalilaza gunia unadunga chini. Unamwaga punje kwa kiganja, unazinusa, unatafuna moja. Siku moja mzee wa watu alikwambia, "Sifuna, si uangalie tu hapo mdomoni, ni mahindi yale yale." Ulimcheka mpaka akashika kofia yake. Ulisema, "Mdomo wa gunia ni wa kuvutia wachumba. Mimi naoa tumbo lake."

Wewe hujawahi kununua gunia kwa mdomo. Hata moja. Lakini wanafunzi wangu uliwapa mdomo wa gunia, wanaume wamenyolewa na kushibishwa, kisha ukachapisha kwamba chini ni vile vile. Umemfanyia kila mwanachama wa ushirika ule ujanja ambao mkulima akikufanyia wewe unamfukuza na punda wake.

Ukitaka kumjua asiyekuamini, muulize mtu ambaye hujamlisha. Na kama bango litakuwa juu tarehe 28, usiniandikie tena ukiniita mpwa.

Dinah


Kitale, 14 Machi 2025

Dinah,

Hatujambo. Joan mzima.

Mvua imenikuta na mahindi yameanikwa uani, na turubai langu limejaa matundu. Lile bango lilikuwa la plastiki nzito. Limefunika mahindi, picha yangu ikiangalia chini.

Usifikiri ni kwa ajili yako. Mahindi yangeota.

Usijibu.

Sifuna


Kanduyi, 3 Aprili 2025

Kwa Mjomba,

Ulisema nisijibu, na mimi nina kichwa cha upande wa mama yangu.

Natumaini mmeamka vyema na mvua haijawaharibia. Huku maji yamerudi, machafu. Mama alikuja kupimwa sukari, akalala kwangu siku mbili na kukosoa sufuria zangu zote.

Kamati ilikaa. Mmoja wao alikuwa amepita Kitale wiki hiyo na alisema kwa mzunguko amekuta nguzo mbili tupu. Wakaniuliza kama namba ile imesahihishwa mbele ya watu. Nikasema sijui, kwa kuwa sikujua. Wakaniuliza nilikuwa wapi wakati wanafunzi wanauliza. Nikasema jikoni, nakula matumbo. Mwenyekiti aliandika hilo polepole sana. Nimepewa muhula mmoja, na barua ya onyo. Safari nyingine ya darasa lazima niwe pale wanapouliza, mwanzo hadi mwisho, kwa miguu yangu. Kwa hiyo nina kazi mpaka Agosti, na baada ya hapo wataniangalia tena.

Sikushukuru. Ulisema mwenyewe hukufanya kwa ajili yangu, na nimeamua kukuamini kwa hilo moja.

Mama anasema ulishindwa uchaguzi. Nilipomuuliza ilikuwaje, alicheka mpaka akakohoa, nikampa maji, akaanza kucheka tena. Hakuniambia zaidi ya neno debe. Niambie kilichotokea.

Namba yako nimeifungua. Lakini usipige, andika.

Dinah


Kitale, 13 Aprili 2025

Mpwa wangu,

Nakuita hivyo kwa sababu masharti yako nimetimiza, si kwa sababu nimekupenda.

Salamu kutoka kwa Joan, ambaye nitamtaja tena hapo chini kwa uchungu. Tumepanda. Ng'ombe mweupe ana mimba nyingine na safari hii nimeweka mlinzi. Mama yako mwambie kicheko si dawa ya sukari.

Barua yako ya Machi, ile ya bambo, niliisoma hapo ghalani nikiwa nimekaa juu ya magunia, na bambo lenyewe limening'inia kwa msumari mbele yangu. Sitasema zaidi. Mtu hapigwi kwa fimbo yake halafu aulizwe ilikuwaje.

Siku ya mkutano watu walijaa mpaka kwa madirisha. Nilikuwa na suti ya kijivu na hotuba kichwani, ile ya Juba na Lubumbashi. Nikasimama. Nikaona Kiptanui amekaa nyuma kabisa karibu na mlango, mikono kifuani. Hotuba ikatoroka. Nikasema, "Mliona bango langu. Ile asilimia tisini na tano ilikuwa imekula mbuzi."

Wakacheka. Na mimi watu wakicheka sijui kunyamaza, ndio ugonjwa wangu. Nikamwambia katibu alete majina ya wanachama wote, tukayakata vipande mbele yao, tukayatia kwa debe, nikalitikisa mimi mwenyewe. Nikamwita Chepngeno. "Mama, wewe ni mpinzani wangu, huwezi kunipendelea. Fumba macho, chukua thelathini, soma mmoja mmoja. Kila atakayetoka ajibu kama ananiamini na ghala." Chepngeno akaniangalia kama mtu anayepewa chai na nyoka, lakini akafumba macho.

Jina la kwanza lilikuwa Joan.

Dinah, walikuwa wamejaa mle ndani, na huyu mama akachota mke wangu kwanza. Nikafurahi. Nikasema moyoni, hapa tunaanza na moja mkononi.

Joan akasimama, akafunga leso vizuri. Akasema, "Nyumbani namwamini. Ghala, hapana."

Nikamuuliza, "Hapana vipi?"

"Mtu yeyote akilia mbele yako, unampa gunia. Mwaka ule wa ukame uligawa mpaka mbegu yetu. Sisi tulipanda ahadi."

Ukumbi ulilala chini kwa kicheko. Pasta pia. Nikasubiri watulie nikamuuliza, kwa sauti ya mume, kama Novemba alijibu hivyo hivyo. Akasema, "Novemba niliulizwa kama namwamini mnunuzi wa mahindi yangu. Mahindi yangu unayachukua kwa ghala letu la nyumbani bila hata kubisha hodi. Ungetaka nijibu nini?" Kisha akaketi.

Baadaye likatoka jina la Kiptanui. Yeye hakusimama hata. Alisema, "Siku ya mbuzi nilikaa pale getini mpaka jioni. Harufu yake naijua vizuri. Hapana." Hakuna aliyecheka hiyo, wala mimi.

Thelathini waliitwa. Kumi na mmoja walisema ndiyo. Kisha tukapiga kura za siri, wote, na Chepngeno akanilaza. Jioni, kwa hasira, nikapiga hesabu ya kura zangu kwa simu ile ile ya Novemba. Asilimia yake ilikaribiana na ya debe kama pacha na pacha. Nikaikagua tena nikidhani simu imelewa. Hicho kitu chako kinafanya kazi, Dinah, na nakichukia kama nyoka kitandani.

Chepngeno ameniomba niwe nikiwapokea wageni wa ushirika. Nimemwambia nitafikiria. Nilianza Jumatatu.

Yule wa pili sijamjua mpaka leo. Kipketer amepunguza kuzungumza nami, au ni mimi nimemzidishia macho. Joan ananiambia niache, ati uliahidi watu. Basi nimeacha, ila kanisani bado nakaa nyuma.

Nawe bado hujaniomba radhi, na wale wazee pamoja na pasta bado wanakumbuka. Deni liko pale pale.

Novemba, wakikuongezea mkataba, walete watoto wako. Wewe ukae getini na debe lako na majina yako, jikoni usikanyage. Nitamwambia Joan afunge. Yule msichana Cheptoo mwambie safari hii mimi ndiye nitakayesubiri. Mbuzi atachinjwa maswali yakishaisha, na wa kwanza kukatiwa nyama atakuwa Kiptanui.

Mjomba wako wa asilimia thelathini na saba,
Sifuna